Nina stashahada ya uuguzi na nataka kufanya kazi ya kinga: nianzie wapi?

Muuguzi mwenye stashahada, aliye katika mwaka wa sita wa kazi kwenye zahanati iliyo kando ya Ziwa Viktoria mkoani Geita, ameandika kwamba kila mvua zikianza huwapokea watoto wa kuhara kutoka kwenye mialo ile ile miwili, yaani sehemu za ufukweni ambako wavuvi huegesha mitumbwi na kuishi, huwapa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki, na baada ya wiki chache huwapokea tena. Anauliza mambo matatu: iwapo kazi ya kinga ni ya muuguzi au ni ya Afisa Afya peke yake, mafunzo gani ya afya ya jamii yanamfaa mtu wa ngazi yake bila kuacha kazi wala kulipa ada asiyoimudu, na aanzie wapi.

Dada, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu kazi unayoitamani ndiyo niliyoifanya na kuifundisha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na najua ugumu wa kuianza ukiwa peke yako kwenye zahanati yenye watumishi wachache na foleni inayofika nje ya mlango. Nitajibu kwa kirefu, na nitaongeza jambo moja ambalo hukuuliza.

Kazi ya kinga ni yako. Afisa Afya wa kata ana wajibu wake mkubwa wa kukagua vyoo, vyanzo vya maji, magenge ya chakula na utupaji wa taka, na ana sheria mkononi ambayo wewe huna. Lakini yeye hamwoni mtoto. Anayemwona mtoto wa kwanza, wa pili na wa tatu kutoka mwalo mmoja ndani ya wiki moja ni wewe, na kama hukulitambua hilo kuwa ni habari inayopaswa kufika kwake siku hiyo hiyo, ataendelea kukagua vyoo vya upande mwingine wa kata. Nchi yetu ililijua jambo hili zamani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe wachimbe vyoo wapi na wafukie madimbwi gani. Wengi wa viongozi wa vikundi vile hawakuwa na taaluma yoyote ya afya. Miaka mitano baadaye, mwaka 1978, Azimio la Alma-Ata liliipa dunia nzima msamiati wa huduma ya afya ya msingi, lakini wazee wengi wa vijiji vyetu walikuwa wamekwisha kushika jembe. Kama mwanakijiji aliyefunzwa kuendesha kikundi cha redio aliaminiwa kazi ya kinga, muuguzi aliyesajiliwa hana sababu ya kuomba radhi kwa kuitaka.

Sasa mafunzo. Kabla sijakutajia kozi hata moja, naomba ufungue kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, kile cha wagonjwa wa nje, ambacho unakijaza kila siku na ambacho huenda hujawahi kukisoma tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Chukua karatasi ya mistari, rula na penseli. Upande wa kushoto andika wiki za mwaka kwa mfuatano, juu andika majina ya vitongoji na mialo inayohudumiwa na zahanati yako, kisha pitia kurasa na uweke kijistari kimoja kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 aliyeandikwa kuhara, katika wiki yake na mahali pake. Penseli nasema kwa makusudi, kwa kuwa utakosea: utakuta mahali pameandikwa jina la kijiji tu, utakuta mtoto yule yule ameandikwa mara mbili kama mgonjwa mpya, utakuta mwandiko usiosomeka. Makosa hayo usiyapite. Yaandike pembeni, kwa maana kuyapima ni sehemu ya elimu yenyewe. Kazi hii huchukua jioni nne au tano. Ukiimaliza utakuwa na karatasi inayoonyesha mvua zilianza wiki gani, mwalo upi ulitangulia, na baada ya muda gani mwalo wa pili ulifuata.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya kosa nililolishuhudia mwenyewe nikiwa mtumishi mpya. Katika kituo nilichoanzia kazi, watu wazima wawili waliletwa asubuhi moja wakiwa wamefungwa kwa kanga nyuma ya baiskeli, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Ilikuwa kipindupindu. Tulipopata nafasi ya kukaa na kurudi nyuma kwenye daftari, tuliona kuwa kwa karibu wiki tatu watu wa kitongoji kimoja walikuwa wakija na kuhara majimaji, mmoja leo, wawili kesho kutwa, na kila mmoja alikuwa ameandikwa kwa usahihi na mtumishi wa zamu yake. Miandiko ilikuwa minne tofauti, na mimi nilikuwa mmoja wa hao wanne. Hakuna aliyedanganya wala kuzembea kuandika. Hakuna aliyefunua kurasa kurudi nyuma. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mafunzo ya kinga yenye thamani ni yale yanayomrudisha mtumishi kwenye daftari lake na kwenye kitongoji chake, na ndiyo kipimo nitakachotumia katika kukushauri.

Kwa kipimo hicho, mafunzo ninayokupendekezea kwanza ni ya epidemiolojia ya uwandani, yaani kuchunguza ugonjwa unavyoenea pale pale walipo watu, ngazi ya awali, yale yanayoitwa ya mstari wa mbele. Tanzania ilianzisha programu yake ya epidemiolojia na maabara uwandani, inayojulikana kwa kifupi cha TFELTP, mwaka 2008, na Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2004. Mtandao unaoziunganisha programu za namna hii barani Afrika, AFENET, una makao makuu yake Kampala. Zote zina asili moja: kikosi cha wapelelezi wa magonjwa kilichoundwa Marekani mwaka 1951, ambacho kanuni yake ilikuwa kwamba mpelelezi wa magonjwa hujifunza kwa kupeleleza. Ngazi ya awali huchukua takriban miezi mitatu. Washiriki hukutana darasani kwa siku chache, hurudi kwenye vituo vyao kwa wiki kadhaa wakiwa na kazi maalumu ya kufanya, hukutana tena, hurudi tena, na mwishoni husimama mbele ya wenzao na walimu kuwasilisha walichokipata. Kwa hiyo huachi kazi. Kazi yako ndiyo darasa.

Kazi zenyewe ni tatu kwa kawaida. Ya kwanza ni kukagua ubora wa takwimu, yaani kulinganisha kilichoandikwa kwenye daftari la kituo na kilichotumwa katika taarifa ya wiki au ya mwezi, na kutafuta sababu ya tofauti. Ya pili ni kuandaa muhtasari wa ufuatiliaji wa ugonjwa mmoja kwa kuzingatia mtu, mahali na wakati. Ya tatu ni kumfuatilia mgonjwa au kuchunguza mlipuko: kuthibitisha utambuzi, kutunga fasili ya mgonjwa (yaani nani ahesabiwe kuwa anaumwa ugonjwa huo), kutafuta wengine, kuchora mchoro wa siku walizoanza kuugua, na kupendekeza hatua. Utagundua kuwa karatasi yako ya penseli ni mtoto wa kazi ya pili. Mshiriki anayefika darasani akiwa nayo hujifunza haraka kuliko wenzake, na nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba nikipewa nafasi ya kuchagua washiriki, ningeanza kwa kuuliza nani amekuja na karatasi.

Utaipataje nafasi? Mafunzo haya hayaombwi mtandaoni kama kozi ya chuo. Huwalenga watumishi wanaoshughulika na ufuatiliaji wa magonjwa katika halmashauri na vituo, wakiwamo wataalamu wa maabara na wa mifugo, na majina yao hupitia kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Kwa kawaida mshiriki hatozwi ada, ingawa idadi ya awamu hutegemea fedha zilizopo. Hatua yako ya kwanza, basi, ni kumwomba Mganga Mfawidhi wa zahanati akuteue rasmi kuwa mtumishi anayesimamia ufuatiliaji wa magonjwa kituoni, jukumu ambalo katika zahanati nyingi lina jina la mtu kwenye karatasi na halina mtu. Ukilishika, jifunze orodha ya magonjwa yanayotolewa taarifa papo hapo na yale ya kila wiki. Jua, kwa mfano, kwamba mtoto wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla kiungo na kulegea hushukiwa polio na huchukuliwa sampuli mbili za choo kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze, na kwamba sampuli hizo hazilali mezani: hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka zifike maabara. Muuguzi mwenye jokofu la chanjo kituoni anajua maana ya nyuzi hizo, lakini sampuli asizichanganye na chanjo. Aombe kibebeo chake na barafu zake.

Ipo pia shabaha ya kimataifa iliyopendekezwa mwaka 2021 ambayo nakushauri uibandike ukutani, ya 7-1-7: mlipuko utambuliwe ndani ya siku 7 tangu uanze, taarifa itolewe ndani ya siku 1, na hatua za awali za kuudhibiti zikamilike ndani ya siku 7 nyingine. Namba ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, na haiko mikononi mwa wizara. Iko mikononi mwa wewe na wenzako wa zamu.

Kuhusu shahada nitasema machache. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Chuo Kikuu cha KCMC kule Moshi, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi kilichoko Bugando jijini Mwanza hutoa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na ngazi ya juu ya programu ya epidemiolojia uwandani ni masomo ya miaka miwili yanayofikia uzamili. Zote hizi zinataka kwanza shahada ya kwanza, ambayo wewe bado huna. Usiione hiyo kuwa hasara. Pata ngazi ya awali, fanya kazi nayo mwaka mmoja au miwili, kisha uamue kama unataka shahada ya uuguzi au ya afya mazingira, kwa sababu wakati huo utakuwa unajua ni maswali gani yanayokunyima usingizi. Nimewaona wengi waliokimbilia uzamili kabla ya kuwahi kuchora hata mchoro mmoja wa mlipuko, wakarudi na lugha nzuri na kitongoji kile kile kinachohara. Zipo pia kozi fupi za bure mtandaoni, hasa za Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 lilianzisha jukwaa la OpenWHO. Zinafaa kwa kukukumbusha misingi na kukupa cheti cha kuonyesha kuwa unajiendeleza, jambo ambalo Baraza la Uuguzi na Ukunga hulitazama unapohuisha leseni. Zifanye usiku mtandao unapokuwa na nguvu. Hazitakufundisha kuzungumza na mwenyekiti wa mwalo.

Hapo ndipo ninapotaka ukazie macho fursa ambayo wauguzi wengi wanaipita. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia zaidi ya wahudumu 137,000, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, wakipata mafunzo ya miezi 6 ya darasani na ya vitendo. Wahudumu hawa hupita nyumba kwa nyumba, lakini wameshikizwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na kituo hicho kinahitaji mtu wa kuwasimamia, kusoma taarifa zao, kuwasahihisha na kuwatia moyo. Iombe kazi hiyo. Hakuna darasa la afya ya jamii linalozidi kumfundisha mtu mwingine, kwa kuwa mhudumu akikuuliza kwa nini mama mwenye choo kizuri bado mtoto wake anahara, huwezi kumjibu kwa ulichokikariri. Utalazimika kwenda naye.

Na mkienda, angalieni mikono kabla ya choo. Mialo ina watu wanaohama kufuata samaki, nyumba za turubai na udongo wenye mchanga ambao shimo halisimami bila kujengewa, kwa hiyo choo bora kitachukua muda na kitahitaji Afisa Afya na Serikali ya kijiji. Kibuyu chirizi, dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa mguu, kinachukua robo saa. Dumu la lita 5 linatobolewa kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja dogo upande wa mbele, karibu na mfuniko. Linaning'inizwa kwenye ubao kwa kamba inayopita kwenye mshikio. Kamba ya pili inafungwa shingoni mwa dumu na kushuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, ili mtu aliyetoka chooni asiguse kitu kwa mkono. Sabuni inatobolewa katikati na kufungwa kwa uzi pembeni, la sivyo itaondoka siku ya kwanza. Mhudumu wako ahesabu kaya zenye kibuyu chenye maji na sabuni siku anayopita bila kutangaza, na ahesabu tena baada ya mwezi. Papo hapo angalia kadi za watoto: chanjo ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota imekuwa katika ratiba yetu tangu mwaka 2013, na hutolewa katika wiki ya 6 na ya 10, umri ambao mama wa mwaloni mara nyingi amekwisha kuhama. Ninashuku, kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba sehemu ya watoto wako wa msimu wa mvua ni hao waliopitwa. Kitabu cha watoto kitakuambia kama ninakosea.

Utasema fedha za kwenda huko ziko wapi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na matumizi yake hufuata mpango wa mwaka ambao kituo chenyewe huuandaa na Kamati ya Usimamizi wa Kituo huujadili. Huduma mkoba, ya kuwafuata watu walipo, na ufuatiliaji wa jamii ni shughuli halali kabisa ndani ya mpango huo, lakini isipoandikwa wakati wa kuandaa bajeti, hakuna atakayeikumbuka mwezi Januari. Keti na Mganga Mfawidhi mapema, ukiwa na karatasi yako, uombe mstari mmoja wa mafuta ya pikipiki na posho ya wahudumu kwa mialo ile miwili katika wiki za kuelekea mvua. Kuhusu posho za semina nitakuambia kwa upendo: ukialikwa kwenye mafunzo, uliza kwanza utapewa kazi gani ya kurudi nayo kituoni. Kama hakuna, nafasi hiyo mwachie mwingine.

Jambo ambalo hukuuliza ni kinga yako mwenyewe. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, ulithibitishwa mkoani Kagera. Wagonjwa walikuwa 9, waliofariki 6, na miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo watumishi wawili wa afya, ambao mmoja wao alipoteza maisha. Januari 2025 ugonjwa huo ulithibitishwa tena, safari hii Biharamulo, wilaya inayopakana na mkoa wenu. Mtumishi wa zahanati hukutana na mgonjwa wa namna hiyo kabla hajapewa jina lolote, akiwa na homa kama ya malaria. Kwa hiyo glavu, maji tiririka na sabuni ni vya kila mgonjwa, hata yule unayemfahamu na ambaye jana mlisali naye kanisa moja.

Na usisubiri mlipuko kulifanya hili: umechanja homa ya ini ya aina B? Mtumishi asiyechanjwa akijichoma sindano yenye damu ya mwenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa hufikia hadi asilimia 30, wakati kwa virusi vya UKIMWI ni takriban asilimia 0.3; tena virusi vya homa ya ini B huweza kuishi juu ya meza kwa angalau siku 7. Chanjo ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Wengi huchoma mbili wakasahau ya tatu. Usirudishie kifuniko kwenye sindano, usiache sanduku la usalama lijae kupita robo tatu, na ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, toa taarifa saa ile ile, na uanze dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, kwa siku 28. Nimewahi kumwona muuguzi hodari akificha jambo hili siku nne kwa aibu. Ukiwa msimamizi wa wahudumu na wa ufuatiliaji, hakikisha mahali pako pa kazi hakuna anayeona aibu.

Kwa hiyo wiki hii pata dozi ya kwanza kama hujachanja, na anza karatasi yako. Baada ya hapo andika barua kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri kupitia kwa Mganga Mfawidhi, ukieleza kwamba unashika jukumu la ufuatiliaji kituoni, kwamba unaomba kuingizwa katika mpango wa mafunzo wa halmashauri na kupendekezwa kwa awamu ijayo ya epidemiolojia ya uwandani ngazi ya awali, na kwamba umekwisha kuthibitishwa kazini. Ambatisha nakala ya jedwali la mialo miwili, pamoja na orodha ya kasoro ulizozikuta daftarini. Nakala nyingine mpelekee Afisa Afya wa kata kwa mkono wako, ukae naye kitako, umwonyeshe wiki ambayo mwalo wa kwanza ulitangulia, na umuulize maji ya kunywa ya pale yalikuwa yakitekwa wapi wiki hiyo.